Sentensi Iliyosemwa Gizani

Mwaka ule nilikosa usingizi kwa sababu ya sentensi moja. Sikumbuki kama niliogopa njaa, ingawa mshahara wa mhadhiri msaidizi ulikuwa ukiisha kabla mwezi haujashika kasi. Wala sikuogopa kupoteza kazi, ingawa mjini viwanda vilikuwa vikipunguza watu na kila wiki nilikutana na mtu aliyekuwa fundi mitambo jana na leo anauza vitumbua. Nilichowaza kitandani, nikijigeuza huku na huku, kilikuwa hiki: kati yangu na Leokadia, nani aliyesema kwanza kwamba soko limefika shambani kabla ya barabara? Ilisemwa jikoni kwetu, umeme umekatika, tunakula ndizi za nazi kwa kupapasa. Sauti niliisikia. Mdomo sikuuona.

Swali hilo limenirudia kwa sababu Leokadia amefariki. Binti yake alinipigia simu kutoka Matombo, kwao mlimani, sauti imekauka kwa kulia, akasema, "Mama mdogo, wazee wanasema mtani wa mama asipofika, hatuziki." Nikaenda na mkongojo wangu. Wanawake wakanisogezea mkeka, wakanisubiri nianze uchokozi, kwa kuwa hiyo ndiyo haki na kazi ya mtani msibani. Nikaketi, mkongojo magotini. Mtu pekee ambaye uchokozi wangu ungemgusa alikuwa ndani ya jeneza.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye alikuwa Mluguru, na makabila yetu yametaniana tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Akichukua kofia yako, huigombei, unaikomboa. Na yaliyosemwa kwa utani hayapelekwi barazani; ukiyapeleka, wewe ndiye utakayeonekana huna adabu. Tuliishi kwa kanuni hiyo katika nyumba ya mwisho ya walimu, ile iliyopakana na mahindi ya chuo. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule isiyo na kiti cha maana, na jiko ambalo dirisha lake liliutazama mlima wa Uluguru. Asubuhi mawingu yaliufunika mpaka kiunoni. Jioni ulionekana wote, na Leokadia, akiosha vyombo, aliunyooshea kijiko: "Nyuma ya ule mkunjo, ndiyo kwetu." Alisema kama mtu anayekuonyesha chumba chake cha kulala. Mimi nilitazama dirisha lilelile nisione chochote cha kwetu. Mara kwa mara mama yake alimletea mkungu wa ndizi, fenesi, na mdalasini uliofungwa kwa kamba za mgomba. Kwetu ni mbali. Kutoka kwetu zilikuja salamu. Nadhani wivu wangu ulianzia hapo, kwenye mdalasini, kabla ya fedha zozote za utafiti. Nilikuwa nakunywa chai yake yenye harufu nzuri na kuhesabu moyoni kila kitu alichopewa bila kukiomba.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bei zilikuwa zimeachiwa, mitumba imejaa mjini, na walimu wa chuo kikuu walikuwa wakifuga ili wale. Mkuu wa idara yetu, Dakta Mbago, alikuwa na kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na ukitaka sahihi yake ulimfuata bandani. Sisi wa sayansi za jamii ndio tuliokuwa hoi kuliko wote. Wenzetu wa mifugo na misitu walikuwa na magari ya miradi yenye nembo milangoni. Sisi tulikuwa na nadharia. Halafu likaja tangazo ubaoni: wafadhili kutoka Ulaya walikuwa wameanzisha mfuko wa watafiti chipukizi wa sayansi za jamii, kila idara nafasi moja. Atakayeipata angelipiwa utafiti wake, angepewa pikipiki ya kupandia vijijini, na mwishowe angepelekwa ng'ambo kusomea uzamivu. Idara yetu ilikuwa na wahadhiri wasaidizi wawili, mimi na yeye. Tulilisoma tangazo lile tumesimama bega kwa bega, na hakuna aliyetangulia kuondoka.

Jioni ya zile ndizi ilikuwa siku chache baadaye. Umeme ulikatika sufuria ikiwa bado motoni, mishumaa hatuna, tukaamua kula hivyohivyo.

"Siku hizi wachuuzi wanapanda wenyewe mpaka kwenye matuta," Leokadia alisema. "Nyanya bado mbichi, mtu kashaitia bei. Zamani mama alikuwa anashuka nazo kichwani."

"Wanapanda na nini? Si ulisema gari halifiki?"

"Kwa miguu, mtani. Wabeba mizigo, kama babu zako."

"Babu zangu walibeba pembe za ndovu. Nyanya zenu wangezikanyaga. Halafu nyie mnalima mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke, mtamcheka nani?"

Tulicheka mpaka yeye akapaliwa. Kisha mmoja wetu akasema, "Kwa hiyo soko limefika shambani kabla ya barabara." Na mwingine akasema, "Ee, hapo ndipo penyewe," na kijiko kikagonga sufuria. Nimeirudia jioni ile kwa miaka mingi sasa. Safari nyingine kijiko kiko mkononi mwangu, na mimi ndiye ninayeafiki. Safari nyingine nahisi kabisa joto la maneno yale likipita kwenye ulimi wangu pamoja na nazi. Kumbukumbu yangu inapendelea pande zote mbili, ndiyo maana haifai kitu.

Ninachokijua kwa hakika ni kibaya zaidi. Nilipoandika andiko langu la kuomba nafasi ile, sentensi ile niliiweka mwanzoni. Nikaiangalia. Nikaona ni nyepesi mno kwa kazi ya kitaalamu, na kwamba jopo la uteuzi litauliza ushahidi. Nikajiuliza pia kama ni yangu, nikaogopa Leokadia ataiona. Nikaifuta. Mahali pake nikaweka maneno marefu kuhusu mabadiliko ya mifumo ya masoko, yenye tahadhari tele. Leokadia hakuwa mtu wa kufuta vitu. Andiko lake, kwa Kiingereza, lilianza na sentensi ile tupu, peke yake kwenye mstari, kama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni. Mimi niliikumbuka kwa Kiswahili, yeye akaiandika kwa Kiingereza. Hata hilo nililiwaza usiku: je, kuitafsiri hakumpi mtu haki fulani?

Matokeo nilipewa bandani. Dakta Mbago alikuwa akiokota mayai na kuyapanga kwenye trei, suruali ameikunja.

"Mwenzako amepita," alisema. "Sentensi ya kwanza tu, jopo zima likakaa vizuri kwenye viti. Tena ni mwenyeji wa kulekule, wafadhili wamefurahi."

"Na langu, Dakta?"

"Lako zuri, Nyamizi. Sana. Ila linaomba radhi kila ukurasa." Akalifuta yai kwa kidole gumba. "Usiumie. Wafadhili wanaruhusu msaidizi wa utafiti. Tumeliweka jina lako."

"Msaidizi wa Leokadia?"

"Msaidizi wa mradi," alisema kwa upole, jambo lililonithibitishia kwamba ni wa Leokadia. "Kikao cha kitivo kinapitisha Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenye neno aniambie kabla ya hapo. Ni kama matangazo ya ndoa kanisani: ukinyamaza, umeridhia."

Sikuwa na neno, nilikuwa na maneno mengi. Nilirudi nyumbani nikayapanga. Nikisema sentensi ni yangu, nitaulizwa ushahidi, na ushahidi ni giza. Nikisema tuliitunga wote, nitaonekana naomba nusu ya pikipiki. Nikinyamaza, nitakuwa nabeba karatasi za maswali nyuma ya mtu ambaye labda alikula sentensi yangu pamoja na ndizi. Nilimwangalia siku zile kwa jicho ambalo hata leo nalionea haya kidogo, lakini lilikuwa linaona vizuri. Niliona jinsi alivyoanza kutembea chuoni bila haraka. Niliona watu wa kitivo ambao jana hawakulijua jina lake wakimwita "Leo" tu, kama wafadhili walivyolikata. Niliona akichora kwenye bahasha njia ya pikipiki kutoka Bigwa, mji unapoishia, kupanda hadi kwao, akiimba. Hata kuimba kwake kulinichoma, maana sauti alikuwa hana.

Nilijaribu kumwambia. Hapo ndipo nilipogundua kuwa utani, ambao ulikuwa umetufanya tuishi kama ndugu, ulikuwa pia umenifunga mdomo. Nilimsubiri atoke kuoga nikamwambia, "Leokadia, wewe mwizi."

"Sana," akasema, akijikausha masikio. "Na wewe nitakubebesha dodoso mlima mzima. Mmeumbiwa hiyo kazi."

"Sikutanii."

"Mnyamwezi asiyetania si ni maiti!" Akacheka, akanipiga na kona ya kanga, akaingia chumbani.

Hakukuwa na lugha nyingine kati yetu. Kila nilichosema kwa uchungu kiligeuka mzaha kabla hakijamfikia, na mzaha wake ukanirudia ukiwa na uchungu.

Jumapili kabla ya kikao, mtu wa misheni alileta habari kwamba mjomba wa Leokadia amefariki. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye sauti kuhusu ardhi, ndoa na karo. Huyu ndiye aliyemsomesha. Niliona uso wake ukiporomoka, na kwa muda mfupi sikumwonea wivu wowote. Ukanirudia tulipokuwa juu ya lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu, tumepita Bigwa, barabara imeanza kupanda. Kila tulipopunguza mwendo watu walimpa pole kwa jina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye gurudumu la akiba nikifikiri kwamba hata msiba anao wa kwake, wenye watu wake na mlima wake, na kwamba wafadhili hawakukosea: huyu ni mwenyeji, mimi ni mpangaji.

Nyumba ya msiba ilikuwa juu ya mteremko, mwendo wa miguu kutoka lori lilipoishia, migomba imeizunguka, moshi wa kuni umeganda chini ya makuti. Nilimwendea mama yake kwa magoti. "Shikamoo mama. Poleni."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu wa Tabora?" aliwauliza wenzake huku ananishika mikono. Machozi yalikuwa bado mashavuni, ila macho yalikuwa yamechangamka. "Jamani, Mungu mkubwa! Watani wa ukoo tunao, lakini Mnyamwezi mzima hatujapata siku nyingi. Kaka yangu anazikwa kifalme!"

Sikuwa nimejiandaa. Nilikulia kwenye utani wa vijiweni na ofisini, wa kurushiana maneno; wa makaburini niliusikia tu kwa bibi yangu. Lakini kesho yake, baada ya misa, wanawake wawili wa ukoo wa watani walinishika mikono, wakanishusha njia ya kaburini mbele ya jeneza, wakisema kwamba hazikwi mtu hapa mpaka mtani atoe idhini. Mmoja wao alikuwa amevaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu, akikohoa na kuomba ugoro, na wafiwa walikuwa wakilia na kucheka kwa pumzi moja. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye udongo mwekundu. Wakaniambia, "Ingia." Nikasema nina gauni la kanisani. "Ingia, mbeba mizigo! Mzigo wenu huu!" Nikasukumwa. Nikajikuta nimesimama ndani ya kaburi la mtu nisiyemjua, udongo umenifika kifuani, na juu yangu duara la nyuso zinazosubiri.

Sikuweza kumwigiza marehemu, sikuwahi kumwona. Nilitafuta kitu cha kusema na akilini hakukuwa na kitu kingine chochote isipokuwa kile kilichokuwa humo kwa wiki zote.

"Sitoki!" nikapaza sauti. "Sitoki mpaka mpwa wa marehemu ajibu. Leokadia! Njoo hapa!"

Wakamsogeza. Macho yamevimba, kitambaa cha kichwani kimepinda.

"Kuna neno lilisemwa gizani, jikoni, tunakula ndizi. Neno hilo umeliandika, umepewa pesa za Wazungu. Nani alilisema?"

Watu wakashangilia kwa makofi, hawajui hata neno gani. Mzee mmoja akaitikia kwa furaha, "Jibu, mwanangu, mjomba wako anasubiri juani!" Leokadia alinitazama chini kule. Nilikuwa nimemfahamu tangu mwaka wa kwanza wa masomo, nikidhani nazijua sura zake zote. Ile sikuijua.

"Ulilisema wewe, mtani," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mimi niliiba. Kashitaki!"

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye migomba. Mama yake akainama ukingoni: "Haya, mtani, mwizi amekiri. Unadai nini, tuzike?"

Utani una utaratibu. Mtani lazima adai, na wafiwa lazima wakomboe. Kawaida hudai kuku, au shilingi kidogo, au pombe. Nami, nikiwa nimeshika ukingo wa udongo kwa vidole vyote, nikasema, "Nataka soko. Yeye abaki na mlima, mimi nipewe soko."

"Mpeni!" mama yake akasema. "Lichukue lote! Sisi linatuibia tu." Na Leokadia, ambaye sasa alikuwa analia kweli, akanipa mkono kunivuta nitoke. "Chukua," alisema. "Nimekupa." Mkono wake ulikuwa na udongo na wangu una udongo. Tukasimama kando, jeneza likashushwa pale nilipokuwa nimesimama.

Ungedhani nililala usingizi usiku ule. Nilikuwa nimepata kile nilichokitamani, kukiri kwake, mbele ya kijiji kizima na padri, na hakikunifaa hata chembe. Kilitolewa kwa utani, hakipelekwi barazani. Ningesimama mbele ya Dakta Mbago nimwambie kwamba Leokadia alikiri wizi nikiwa ndani ya kaburi la mjomba wake? Na kulikuwa na jambo baya zaidi: labda hakukiri kitu. Labda alinipa tu jibu ambalo mtani hupewa, ili mjomba wake azikwe. Siku ya kurudi tulikaa juu ya lori jingine, safari hii limejaa matenga ya nyanya, tumebanwa katikati yake. Tulipoikaribia tambarare, mji umeanza kuonekana, nikamuuliza kwa sauti ndogo, bila utani wowote.

"Yale uliyosema kaburini, ulikuwa unatania?"

Tukapita kona mbili. Kisha akasema, "Na wewe, ulipouliza, ulikuwa unatania?"

Kama ningesema hapana, ningekuwa nimemtuhumu mtu aliyetoka kumzika baba wa ukoo wake, tena kwa sentensi ambayo mimi mwenyewe niliifuta. Kama ningesema ndiyo, basi na jibu lake lilikuwa utani, na mambo yangeishia hapo milele. Sikujibu. Yeye naye hakujibu. Katika miaka yote iliyofuata, alipokwenda ng'ambo na kurudi, alipoitwa profesa kabla yangu, tulipozeeka tukiwa na mazoea ya kupigiana simu kila sikukuu kuulizana nani atamzika nani, hatukuwahi kulijibu swali lile. Sasa hawezi tena, nami nimebaki nalo kama kofia ya mtu ambayo hakuna wa kuikomboa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda bandani. Dakta Mbago alikuwa akiwamwagia kuku pumba.

"Una neno?" akauliza, bila kugeuka.

"Sina pingamizi, Dakta. Leokadia apitishwe. Ila jina langu lisiandikwe kama msaidizi."

Hapo akageuka. "Utaishi na nini? Mfuko mwingine sijui kama utakuja."

"Nitafanya utafiti wangu. Sokoni."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa fedha za nani?"

"Za nauli ninazo," nikasema, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza nimejibu kitu bila kuomba radhi. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaniwekea mayai kwenye mfuko wa karatasi.

Nisidanganye kwamba wivu uliniisha. Jumamosi ile, nilipofika soko kuu alfajiri, kitu cha kwanza nilichokiona, nyuma ya mapaa ya mabati, ni mlima, na kwenye mlima nikaiona pikipiki ambayo bado haikuwa imenunuliwa, inapanda, na yeye juu yake anaimba vibaya. Nikasimama katikati ya matenga, daftari jipya mkononi, nikafikiria kurudi nyumbani kusoma kwanza kidogo zaidi juu ya mbinu za mahojiano. Mama mmoja mnene, mnunuzi wa jumla, aliyekuwa anatenganisha nyanya zilizopondeka na nzima, akaniona nilivyoduwaa.

"Wewe wa chuo? Umeletwa na mfadhili gani?"

"Sikuletwa na mtu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alinipima tangu viatu mpaka daftari. Kisha akaisukuma ndoo tupu kwa mguu, akaigeuza chini juu. "Basi hilo daftari weka pembeni. Mbovu huku, nzima huku. Tukimaliza utauliza."

Nikakaa juu ya ndoo. Nikachukua nyanya ya kwanza.